Tathmini ya NetLogo: programu ya bure ya kuona jinsi habari zinavyoshindana na maambukizi

NetLogo ni programu huria ya kuunda modeli za uigaji: watu wengi wa kubuni ndani ya kompyuta wanafuata kanuni chache, nawe unatazama kinachotokea. Uri Wilensky aliianzisha mwaka 1999, na inatunzwa na kituo chake katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Hailipiwi. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kumwonyesha mwanafunzi wa afya ya jamii, ofisa afya wa wilaya au mwandishi wa habari za afya jinsi uelewa wa watu unavyobadilisha mwendo wa ugonjwa unaopita kwa kugusana.

Kwa kazi hiyo inastahili nyota nne kati ya tano. Nyota moja imekatwa kwa sababu modeli ya mtandao inayokuja nayo haina uelewa hata chembe. Mtu asiyejua chochote na mtu aliyemzika jirani yake juzi wana hatari ileile ya kuambukizwa. Uelewa inabidi uuongeze mwenyewe. Mistari yenyewe ni kama 20 tu, lakini ina mitego ambayo programu haitakuonya: itakubali kila kitu na kukuchorea grafu nzuri ya uongo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu mitego hiyo.

Modeli ilivyo kabla ya kuguswa

Fungua File, kisha Models Library, Sample Models, Networks, halafu uchague Virus on a Network. Iliandikwa mwaka 2008 ikiwa na virusi vya kompyuta akilini, lakini kanuni zake zinamfaa binadamu pia. Utaona nodi 150 (vidoti, kila kimoja mtu mmoja), kila moja ikiwa na wastani wa viungo 6 vya kuiunganisha na majirani, na 3 kati yake zimeshaambukizwa. Bonyeza setup, kisha go. Katika kila hatua, aliyeambukizwa anajaribu kumwambukiza kila jirani yake asiye na kinga kwa uwezekano wa asilimia 2.5. Baada ya hapo kila mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 5 wa kupona, na kati ya wanaopona ni asilimia 5 tu wanaobaki na kinga.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kwanza kubadilisha. Ukiiacha ilivyo, karibu kila anayepona anarudi kuwa wa kuambukizwa upya, na ugonjwa unazunguka mtandaoni kwa muda mrefu sana. Hilo linafaa kwa magonjwa machache. Kwa Marburg, Ebola au surua, peleka namba hiyo, inayoitwa gain-resistance-chance, hadi 100. Hapo aliyepona hataambukizwa tena, na mwisho wa mlipuko unajua watu wangapi walipatwa kwa kuhesabu wenye kinga peke yao. Aliyefariki naye anahesabiwa humohumo, kwa sababu kwa hesabu ya maambukizi wote wawili wametoka kwenye mzunguko. Ukitaka kutofautisha, ongeza hali nyingine. Ukifundisha kuhusu Ebola ni lazima uiongeze, kwa sababu mwili wa marehemu unaambukiza, na mazishi yana viungo vingi kuliko siku ya kawaida.

Kuna kasoro ndogo ndani ya msimbo wenyewe ambayo wengi hawaioni. Uambukizaji unatumia random-float, inayotoa namba zenye desimali, lakini kupona kunatumia random, inayotoa namba kamili tu. Kwa hiyo ukiweka recovery-chance kuwa 2.5, programu inafanya kazi kama umeweka 3, na 4.1 inakuwa 5. Anayelinganisha 2.1 na 2.9 atakuta matokeo yanafanana na kuanza kutafuta maelezo ya kisayansi ambayo hayapo. Badilisha random 100 iwe random-float 100 katika mistari yote miwili ya do-virus-checks, jambo limekwisha.

Kuingiza uelewa

Njia bora zaidi ya kuingiza uelewa ilitolewa mwaka 2009 na Sebastian Funk, Erez Gilad, Chris Watkins na Vincent Jansen katika jarida la PNAS. Wazo lao ni jepesi, na yeyote aliyewahi kusikia habari za msiba zikipita mtaani atalielewa. Mgonjwa mwenyewe ana habari ya kwanza kabisa. Anayeipata kwake anaipata ikiwa imepungua nguvu kidogo, wa tatu imepungua zaidi, na kadiri inavyohama midomo ndivyo anayeisikia anavyoichukulia kwa uzito mdogo. Kila mtu anajikinga kulingana na ubora wa habari aliyonayo.

Katika NetLogo unahitaji namba moja kwa kila mtu, ambayo hapa tunaiita habari. Sifuri ni mgonjwa mwenyewe, 1 ni aliyesikia kwake, 2 ni aliyesikia kwa huyo, na kuendelea. Programu inakubali majina ya Kiswahili kwa vigezo na taratibu, jambo linalosaidia sana darasani, maana menyu zenyewe hazina Kiswahili. Ongeza neno habari kwenye turtles-own (orodha ya vigezo vya kila mtu, ambaye NetLogo inamwita turtle), kisha andika taratibu hizi mbili mwishoni:

```
to sambaza-habari
  ask turtles [
    let yangu habari
    ask link-neighbors [
      if habari > yangu + 1 and random-float 100 < kasi-ya-habari
        [ set habari yangu + 1 ]
    ]
  ]
end

to fifisha-habari
  ask turtles [
    if not infected? and random-float 100 < kasi-ya-kusahau
      [ set habari habari + 1 ]
  ]
end
```

Kwenye become-infected, utaratibu uliomo tayari katika modeli, ongeza set habari 0. Kwenye spread-virus, badilisha mstari wa uwezekano usomeke hivi, nguvu ikiwa ni kiasi ambacho habari inamkinga mtu:

```
if random-float 100 < virus-spread-chance * (1 - nguvu ^ habari)
```

Kisha ziite sambaza-habari na fifisha-habari ndani ya go, baada ya spread-virus. Ukiziita kabla yake, unazipa habari hatua moja mbele ya ugonjwa katika kila mzunguko. Hilo si kosa la kiufundi, ila ni dai kuhusu dunia, kwa hiyo liamue kwa kujua. Mwisho, tengeneza vitelezi vitatu (vidude vya kusogeza ili kubadilisha namba) kwenye ukurasa wa Interface: nguvu kutoka 0 hadi 1, kasi-ya-habari kutoka 0 hadi 100, na kasi-ya-kusahau kutoka 0 hadi 100. Usipovitengeneza, programu itakataa ikisema hakuna kitu chenye jina hilo. Hilo ndilo kosa la pekee katika orodha hii yote ambalo litajitangaza lenyewe.

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa. Kigezo kipya katika turtles-own kinaanza na thamani ya sifuri. Katika hesabu yetu, sifuri maana yake ni habari ya kwanza kabisa, na 1 kutoa nguvu kwa kipeo cha sifuri ni sifuri: hakuna anayeweza kuambukizwa. Kasi-ya-kusahau ikiwa 0, utabonyeza go, ugonjwa hautasogea hata nodi moja, na utadhani uelewa umeshinda. Dawa yake ni kuweka set habari 99 wakati nodi zinazaliwa, ndani ya setup-nodes. Usiiweke ndani ya become-susceptible, ingawa panaonekana ndipo mahali pake, kwa sababu utaratibu huo unaitwa pia mtu anapopona bila kinga. Ungekuwa unamfuta kumbukumbu kila anayetoka kitandani.

Mtego wa pili hauonekani kwa macho. Agizo la ask linawapitia watu mmojammoja kwa mpangilio wa bahati nasibu, na kila mmoja anabadilika papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyepokea habari mwanzoni mwa hatua anaweza kuipitisha ndani ya hatua hiyohiyo, naye wa tatu akafanya hivyohivyo. Ukiweka kasi-ya-habari kuwa 100, habari moja inaweza kuruka nyumba kadhaa ndani ya siku moja ya modeli, wakati ugonjwa hauwezi, kwa kuwa orodha ya wanaoambukiza hufungwa kabla uambukizaji haujaanza. Ukitaka mashindano ya haki, tumia kigezo cha pili: kila mtu aandike habari mpya kwenye habari-ya-kesho, na mwisho wa hatua wote wahamishe kwa pamoja. Kwa kasi ndogo, chini ya 10 hivi, tofauti haisumbui sana.

Hesabu inayofaa kufanywa kwa mkono kwanza

Kabla ya kuamini picha zinazocheza kwenye kioo, chukua kalamu. Tukitumia namba za mwanzo za modeli, yaani asilimia 2.5 ya kuambukiza na 5 ya kupona, uwezekano kwamba mgonjwa atamwambukiza jirani fulani kabla hajapona ni takriban asilimia 32. Mgonjwa ana viungo 6, na kimoja ndicho kilichomletea ugonjwa, hivyo vimebaki 5. Mara asilimia 32, tunapata wagonjwa wapya 1.6 kwa kila mgonjwa. Ugonjwa unapanda.

Sasa weka nguvu iwe 0.8. Jirani aliyesikia kwa mgonjwa mwenyewe anabaki na moja ya tano ya hatari, yaani asilimia 0.5 kwa hatua. Kama majirani wote watano wako hivyo, wagonjwa wapya wanashuka hadi takriban 0.43. Habari ya mdomo wa pili inatoa 0.73. Ya mdomo wa tatu inatoa 0.94, bado chini ya moja kwa nywele. Ya mdomo wa nne inafika 1.1, na hapo ugonjwa unaanza kupanda tena. Kwa namba hizi, tofauti kati ya mlipuko unaozimika na unaoendelea ni mdomo mmoja.

Fikiria basi tangazo la redio linalomfikia kila mtu sawasawa, lakini likiwa na uzito wa habari ya mdomo wa tano, maana halimtaji mtu unayemjua wala mtaa wako. Linashusha 1.6 hadi 1.2. Ni msaada wa kweli: mlipuko utakuwa mdogo na utakwenda polepole. Ila hautazimika. Habari ya jirani kwa jirani, ikiwahi, inauzima. Watafiti wale wanne wa 2009 walifikia hitimisho la namna hiyo kwa njia ya jumla. Katika jamii ambayo kila mtu anakutana na kila mtu ovyo, uelewa unapunguza ukubwa wa mlipuko lakini hausogezi kizingiti cha kuanza kwake. Uelewa unaozaliwa karibu na mgonjwa na kusambaa jirani kwa jirani unaweza kuusimamisha kabisa, mradi kasi ya maambukizi isizidi kiwango fulani. Nguvu hiyo inaongezeka pale ambapo njia za habari na njia za maambukizi ni zilezile, na hasa pale ambapo rafiki zako wenyewe ni marafiki.

Neno "ikiwahi" lina uzito wake. Kwenye kiungo kimoja, habari na ugonjwa vinakimbizana. Ukiweka kasi-ya-habari kuwa 2.5, sawa na ugonjwa, nafasi ya habari kufika kwanza ni nusu kwa nusu. Ukiipandisha hadi 20, habari inafika kwanza karibu mara 8 kati ya 9. Hiki ndicho kitelezi cha kumkabidhi mwanafunzi akisogeze mwenyewe, kwa sababu anaona kwa macho kwamba kupandisha kasi kutoka 2.5 hadi 20 kuna faida kubwa, na kutoka 60 hadi 100 hakuna faida ya kutajika.

Pale modeli inapoukaribia ukweli

Modeli ya ukubwa huu haiwezi kuwa Dar es Salaam. Inaweza kuwa kijiji, au orodha ya watu wanaofuatiliwa. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, wakifa 6 kati yao, na watu zaidi ya 200 waliwekwa chini ya uangalizi wa siku 21 hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Watu 200 ni nodi 200. Kitelezi cha idadi ya nodi kinafika 300. Wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa dhidi ya Marburg, kwa hiyo silaha ilikuwa kutambua, kutenga, kufuatilia na kueleza. Kwa mfano wa aina hiyo, hesabu hatua moja kuwa siku moja na upandishe recovery-chance hadi 10, ili mgonjwa aambukize kwa siku zisizozidi 10 kwa wastani. Siku 20 zinazotokana na namba ya mwanzo ni nyingi mno.

Marburg inaifaa modeli hii kwa sababu nyingine pia: mtu haambukizi kabla ya dalili. Kwa hiyo set habari 0 ndani ya become-infected, ingawa inampa mgonjwa ujuzi papo hapo, haiko mbali sana na hali halisi. UVIKO-19 ni kinyume chake, maana mtu anaambukiza kabla hajajisikia vibaya na habari inaanza mbio ikiwa imechelewa. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, ondoa mstari ule kwenye become-infected na badala yake mpe kila mgonjwa uwezekano wa kugundulika katika kila hatua, kwa kitelezi cha nne, kasi-ya-kugundua. Kiweke asilimia 10 na utaona sehemu kubwa ya faida ya majirani kuambiana ikiyeyuka. VVU ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa mtu anaweza kukaa miaka bila dalili. Bila kupima, habari haizaliwi.

Hata hivyo, mfano wenye nguvu zaidi wa kile kinachoonyeshwa na kipeo cha nguvu unatoka kwenye VVU, na unatoka jirani kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya mpaka na Rakai, Uganda. Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer walichapisha mwaka 2004 katika jarida la Science uchambuzi wa kushuka kwa VVU Uganda, wakilinganisha na nchi nyingine za Afrika zikiwemo za jirani. Waligundua kwamba Waganda walikuwa wakipata habari za UKIMWI kwa ndugu na marafiki kuliko ilivyokuwa kwingine, na wengi zaidi walimjua mtu aliyeugua au kufa. Kwa lugha ya modeli yetu, wengi walikuwa na habari ya 1 au 2, si ya 5. Watafiti wengine waliongeza kuwa vifo vyenyewe vilichangia kushusha kiwango, na modeli inakubaliana nao: aliyetoka kwenye mtandao anapunguza takwimu bila yeyote kubadilisha tabia. Ukiwa na darasa lenye muda, endesha mara mbili, mara moja nguvu ikiwa 0 na mara moja ikiwa 0.8, muone ni kiasi gani cha kushuka kinatokana na ugonjwa kuishiwa watu na ni kiasi gani kinatokana na watu kujihadhari.

Pale inapodanganya

Kasoro nzito iko kwenye dhana kwamba habari, hata ikichuja, inabaki kweli. Mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulikuta kwamba mmoja kati ya wanne hivi hakuamini kuwa Ebola ipo, na chini ya theluthi moja waliamini kuwa viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao. Watu hao hawakukosa habari. Walizipata nyingi, wakazipima kwa uzoefu wao wa vita na ahadi zilizovunjwa, wakaona haziaminiki. Hakuna kitelezi cha kasi kitakachoeleza hilo. Kuongeza kasi-ya-habari katika hali hiyo kunaongeza kasi ya kutoaminiwa.

Unaweza kuanza kulirekebisha kwa kumpa kila mtu nguvu yake mwenyewe badala ya kitelezi kimoja cha wote. Hamisha nguvu iwe kigezo cha turtles-own, ufute kitelezi chake, kisha robo ya watu wape 0 na wengine 0.8. Halafu fanya jaribio la pili: hiyo robo usiitawanye ovyo, ikusanye upande mmoja wa mtandao. Idadi ni ileile, wastani ni uleule, lakini kundi lisiloamini likikaa pamoja linakuwa na mlipuko wake kamili, kisha linaendelea kuwarushia cheche walioamini. Hili ndilo jambo ambalo takwimu ya wastani ya uelewa wa wilaya inalificha kabisa, na kwa kulionyesha peke yake NetLogo inastahili kusakinishwa. Angalizo moja la kiufundi: nguvu ikiwa 0 na habari ikiwa 0, programu inakokotoa sifuri kwa kipeo cha sifuri kuwa 1, na aliyepona bila kinga atalindwa kikamilifu bila kukusudia. Kutumia 0.01 badala ya 0 hakusaidii, kwa kuwa nayo kwa kipeo cha sifuri ni 1; acha gain-resistance-chance iwe 100, na hali hiyo haitatokea.

Mtandao wenyewe nao una ukungu. Modeli inaunganisha kila nodi na iliyo karibu yake zaidi, hivyo hakuna anayesafiri na hakuna anayejuana na watu wengi kupita kiasi. Bodaboda, muuza mitumba wa mnadani, muuguzi wa zahanati, wote hawamo. Mtandao wa majirani wa namna hii unaifanya habari ya karibu ionekane na nguvu kubwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa ugonjwa hauna njia ya kuruka. Programu inakuja na kiendelezi cha nw, ambacho kinaweza kuunda mtandao wenye viungo vichache vya mbali au wenye watu wachache wanaojuana na wengi. Endesha modeli kwenye angalau aina mbili za mitandao kabla ya kutoa kauli yoyote.

Ukitaka njia za habari ziwe tofauti na njia za maambukizi, na hapo ndipo utaona kundi la WhatsApp la ndugu walio mbali linavyofanya kazi, tangaza aina mbili za viungo kwa undirected-link-breed: magusano na gusano kwa ugonjwa, maongezi na ongezi kwa habari. Baada ya hapo link-neighbors inahesabu vyote viwili, na ugonjwa utaanza kupita kwenye simu. Ndani ya spread-virus andika gusano-neighbors, ndani ya sambaza-habari andika ongezi-neighbors, na katika utaratibu wa kujenga mtandao tumia create-gusano-with, link-neighbor? iwe gusano-neighbor?, na count links iwe count magusano. Ukisahau hiyo ya mwisho, na viungo vya habari vikajengwa kwanza, kitanzi kitaona viungo vimeshatosha na hakitajenga cha ugonjwa hata kimoja.

Kuendesha kwa uzito unaostahili

Usitoe hitimisho kwa kuendesha mara moja. Ukianza na wagonjwa 3, mara nyingine mlipuko unakufa ndani ya hatua chache kwa bahati tu, mara nyingine unachukua mtandao mzima, na wastani wa hizo mbili ni namba ambayo haitokei kamwe. Tumia BehaviorSpace, iliyo kwenye menyu ya Tools. Weka kasi-ya-habari katika thamani nne, 0, 5, 20 na 50, marudio 200 kwa kila moja, na kipimo kiwe idadi ya wenye kinga mwishoni. Time limit iweke 2000, kwa sababu gain-resistance-chance ikiwa ndogo mlipuko unaweza usiishe na kompyuta ikabaki inazunguka usiku kucha. Ondoa alama kwenye chaguo la kusasisha picha. Kazi itakwenda kwa kasi zaidi. Kisha chora mgawanyo mzima wa matokeo katika Excel au LibreOffice. Utaona vilima viwili, na athari ya uelewa inaonekana kwanza katika kilima cha milipuko iliyokufa mapema kukua.

Kwa makadirio ya idadi ya vitanda au dozi, NetLogo si chombo chake. Kifurushi cha EpiModel kwenye R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kinajenga mitandao kutokana na takwimu halisi za mahusiano na kinashika mambo mengi zaidi, ila kinadai ujuzi wa R na wa takwimu ambao darasa la wiki moja haliwezi kuutoa. Kwa maelezo na mafunzo, NetLogo inatosha.

Kuhusu usakinishaji: Java inakuja ndani ya kifurushi, hutafuti kitu kingine, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Faili la kupakua ni kubwa, kwa hiyo lipakue mara moja na uligawe kwa flashi. Kwenye kompyuta dhaifu au darasa lisilo na ruhusa ya kusakinisha kuna NetLogo Web, inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Haina BehaviorSpace, lakini unaweza kuhariri msimbo, kubadilisha hali kuwa Authoring ili kuongeza vitelezi, na mwisho kuchagua Export na HTML. Utapata faili moja lenye modeli yako nzima, linalofunguka bila intaneti. Kwenye simu linafunguka pia, ila vitelezi vinabanana. Panga vitelezi vinne tu upande mmoja, na picha ya mtandao ipe nafasi iliyobaki.